Bega laniuma, naambiwa ni taya. Ning'oe gego?

BARUA

Assalaam aleikum Bi Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mama wa watoto watatu, naishi Langoni, Lamu. Kazi yangu ni kushona kwa mkono kofia za vito, zile za vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, nimejifunza kwa mamangu tangu usichana. Kwa siku nakaa muda wa saa sita au saba, miguu nimeikunja juu ya mkeka, kofia mapajani.

Huu ni mwaka wa tatu nina maumivu ya mgongo wa juu, upande wa kulia. Yanaanzia shingoni, yanapita juu ya bega, yanatua kwenye ukingo wa ndani wa kombe la bega. Hayachomi, ni mazito, kama mtu amenikalia. Jioni nikijibonyeza juu ya bega napata fundo kama kokwa ya tende. Tangu mwaka jana taya nalo limejiunga. Nikipiga miayo linalia "ta" mbele ya sikio la kulia, na asubuhi nyingine naamka mashavu yamechoka kana kwamba nimetafuna usiku kucha. Mume wangu asema nasaga meno.

Nimemeza diklofenaki za kununua mwenyewe karibu kila siku kwa miezi minne. Dawa ikiisha nguvu, maumivu yako palepale. Wifi yangu akaniambia taya na mgongo ni kamba moja, na kweli nikikaza meno nasikia bega linavutika. Basi nikaenda kliniki moja ya meno. Nilitazamwa kinywa muda mfupi, nikaambiwa meno yangu hayakutani sawa, ndiyo yanayouvuta mgongo. Ning'oe gego la mwisho la chini kulia, mengine mawili yasagwe kidogo yalingane, kisha nitengenezewe kifaa cha kuvaa usiku. Jumla shilingi 38,000. Jino lenyewe haliniumi.

Pesa hizo ninazo, lakini si zangu zote. Baada ya Idi nilipokea arubuni ya kofia nne za harusi. Moja imekwisha, ya pili iko nusu, mbili sijazigusa. Mume wangu hajui kwamba arubuni ni kubwa kiasi hicho. Yeye anasema, "Acha kofia, utapona." Mamangu anasema ni upepo, nipigwe chuku, yaani niumikwe kwa vikombe, na ameshazungumza na mwenye kazi hiyo. Wifi anasema kang'oe. Kila mmoja ana nia njema, na kila mmoja ataudhika nisipomsikiliza.

Kitu kimoja kinanichanganya. Mwezi wa Ramadhani maumivu yalipungua mpaka nikasahau. Mchana sikushona, nilishona saa mbili tu baada ya tarawehe. Nikadhani nimepona. Idi ilipopita, hata wiki mbili hazikutimia, yakarudi yote, bega na taya. Sasa natafuna ubani mchana kutwa kwa sababu niliambiwa unalegeza. Na uzi bado naukata kwa meno ya mbele kama siku zote, bila shida yoyote, ndiyo maana nashangaa kuambiwa meno ni mabovu.

Niambie: ni kweli taya linaweza kuuumiza mgongo? Ning'oe? Nipigwe chuku? Au niache kazi, na hiyo arubuni ya watu niirudishe kwa nini?

Mshona Kofia, Langoni

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu.

Nilivyoisoma barua yako ni hivi. Una maumivu ya miaka mitatu, upande mmoja, yanayopita njia ileile kila siku. Taya limejiunga baadaye. Watu watatu wanaokupenda wamekupa dawa tatu zisizopatana, na wa nne, asiyekujua, amekupa bei. Katikati yao kuna deni la kazi ambalo mwenzio hajui ukubwa wake. Arubuni umeitaja mara tatu, gego mara moja tu. Nitarudi hapo.

Kuhusu taya na mgongo, wifi yako hakukosea. Kaa wima, weka vidole viwili nyuma ya shingo, pale chini ya kisogo, kisha fungua kinywa kama unayetaka kuuma embe zima. Utasikia kichwa kinakwenda nyuma kidogo, ukifumba, kinarudi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Umeå, Uswidi, waliupima mwendo huu mwaka 2000 wakakuta kichwa huanza kusogea pamoja na taya, na mara nyingine hulitangulia. Kwa hiyo kila mwayo shingo nayo iko kazini. Na msuli unaokuuma ni mpana kuliko unavyodhani. Ukiuchora wote, kulia na kushoto, unapata tiara ya watoto, ile ya kurusha angani: ncha ya juu kisogoni, ncha mbili mabegani, na ya chini inashuka katikati ya mgongo hadi usawa wa ubavu wa mwisho.

Kuna na habari ya neva. Neva ya uso na taya hushuka mpaka ndani ya shingo na kukutana na neva za pingili tatu za juu za shingo mahali pamoja. Ni kama nyumba za mtaa wa Mkomani hapo Lamu zinazogawana ukuta: hodi inapigwa, na wewe uliye ndani hujui ni mlango wako au wa jirani. Ndiyo maana shingo iliyokaza huweza kuuma kama jino, na taya lililochoka likauma kisogoni.

Hapo ndipo nataka tutembee polepole. Neva za kombe la bega zinaingia chini zaidi, mbali na ukuta huo. Kadiri maumivu yanavyoshuka, ndivyo taya linavyokuwa na la kusema kidogo. Linaweza kueleza shingo yako, na pengine juu ya bega. Ule ukingo wa kombe mimi ningeutafutia sababu kwanza kwenye mkeka unaokalia. Tena umesema bega lilianza miaka mitatu iliyopita na taya mwaka jana. Anayesema meno ndiyo yanayouvuta mgongo ana wajibu wa kukueleza kwa nini mgongo ulitangulia, na kwa nini meno uliyokaa nayo tangu ujana yaanze kuuvuta ukiwa na miaka 33.

Na lile la kukaza meno ukasikia bega linavutika? Humpata karibu kila mtu, hata mzima. Ukikaza kwa nguvu, misuli ya shingo huja kusaidia. Inaonyesha kamba ipo. Nani anaivuta, bado hatujui. Mlio wa "ta" nao usikutishe sana: watu wengi wana kiungo cha taya kinacholia miaka nenda miaka rudi bila madhara. Linalohitaji kuangaliwa ni taya linalokwama, au kinywa kisichofunguka upana wa vidole vyako vitatu vilivyosimamishwa.

Sasa, uzi. Umeutaja mwisho kama jambo dogo, na mimi ndio uliosimamisha macho yangu. Meno ya mbele ya juu hukaa mbele kidogo ya yale ya chini. Ili yakutane ncha kwa ncha yakate uzi, taya la chini lisukumwe mbele, litoke kidogo kwenye kikombe chake, halafu likazwe likiwa huko huko nje. Hapo mkono unavuta uzi upande mmoja na kichwa kinajirudisha upande mwingine, pengine kwa kujipinda kuliani kila mara. Mara moja si kitu. Lakini kofia ya vito ina vitundu vingapi, na kila mara uzi unapokwisha? Daktari wa meno mwenye jicho huwatambua washonaji kwa kikato kidogo kwenye ncha ya jino la mbele, jitazame kiooni. Ubani nao haulegezi. Ni kumtwisha gunia jingine hamali aliyekwisha kuchoka.

Ramadhani inakuambia kitu, ila imekuambia mambo mengi kwa wakati mmoja. Ulishona saa mbili badala ya sita au saba. Ulikata uzi mara chache. Mchana hukutafuna. Na arubuni ilikuwa haijafika. Huwezi kujua ni lipi kati ya hayo manne lililokupumzisha, na kila mshauri wako amechagua moja linalomfaa. Nakupa njia ya kuyatenganisha, itakuchukua siku 23 na haina gharama.

Siku tatu za kwanza usibadili kitu. Andika tu, asubuhi na baada ya isha: bega ngapi kwa kumi, taya ngapi kwa kumi, kila moja peke yake. Na kila unapokata uzi kwa meno tia punje ya mchele kikombeni, jioni hesabu.

Siku kumi zinazofuata badilisha mambo ya taya peke yake, kukaa kwako kubaki kulekule. Funga mkasi mdogo kwa kamba kwenye takia, uzi ukatwe nao. Ubani uache. Embe na sambusa ukate vipande. Pweza na mishikaki zingoje. Ukipiga miayo, weka ngumi chini ya kidevu ili kinywa kisipanuke sana. Kinywa kinapopumzika, midomo hugusana lakini meno huachana milimita 2 hadi 4, na ncha ya ulimi hukaa kaakaani nyuma ya meno ya juu, kama unayetaka kutamka "n". Wengi hawajui kwamba meno yao yamegusana mchana kutwa. Hutaweza kulikumbuka hilo kwa nia tu, kwa hiyo sindano iwe kengele yako: kila unapotia uzi mpya, jiulize meno yako wapi. Kisha mara sita kwa siku, ulimi ukiwa umegusa kaakaa, fungua na fumba kinywa polepole mara sita, bila kuuachia ulimi. Ukiuachia umefungua kupita kiasi. Usiku, kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, dakika 15 shavuni na juu ya bega. Kiwe moto wa kuvumilika, usijichome.

Siku kumi za mwisho endelea na hayo, uongeze mambo ya kukaa. Kichwa cha mtu mzima ni kilo 4 hadi 5. Shika dumu la maji la lita 5 kifuani, kisha linyooshee mkono mbele, utaelewa shingo yako inafanya kazi gani ukiinamia mapaja. Kwa hiyo usikishushe kichwa kifuate kofia, ipandishe kofia. Takia mbili mapajani, kama sentimita 20, viwiko vilale juu yake. Mgongo uegemee ukuta, taulo lililokunjwa nyuma ya kiuno. Mwanga utoke upande wa mkono usioshika sindano, usijifunike kwa kivuli chako. Na kama unaisogeza kofia usoni ndipo uone vitundu, kapime macho. Shingo nyingi huumizwa na miwani isiyokuwepo.

Kila dakika 25 simama, hata kwenda mtungini kunywa maji. Mara mbili kwa siku, ukiwa umeegemea ukuta, rudisha kidevu nyuma kama unayejitengenezea kidevu cha pili, hesabu tano, achia, mara kumi. Halafu vuta makombe mawili ya mabega yakaribiane nyuma na chini, hesabu tano, mara kumi. Kosa la kawaida ni kuinua kidevu badala ya kukirudisha, au kufanya huku meno yamekazwa, na hapo unaondoa kwa mkono mmoja unarudisha kwa mwingine. Mkono ukipata ganzi wakati wa zoezi, acha.

Ikiwa taya litapoa katika zile siku kumi za kwanza na bega lisitikisike, umejua kwamba kwako hiyo kamba ni legevu. Bega likishuka pamoja na taya, wifi ana haki yake. Likishuka tu baada ya takia, tazama mkeka. Na yakibaki vilevile yote, hiyo nayo ni habari ya kumpelekea mtaalamu. Siku 23 ni chache kwa msuli wa miaka mitatu, usitegemee sifuri. Nambari ikitoka saba ikafika tano, ni jambo.

Diklofenaki siwezi kuipita. Miezi minne bila kupimwa ni mingi kwa tumbo, figo na presha. Usiichanganye na ibuprofeni. Kapime presha, na umwambie daktari muda uliomeza. Choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje miadi.

Tuje kwenye zile njia zako. Gego la mwisho hung'olewa kwa makosa yake lenyewe: limeoza, ufizi ulioliegemea unavimba mara kwa mara, au limelala likaharibu jino jirani. Lako haliumi, na hukunitajia picha ya eksirei. Kuling'oa kuna hatari zake: kidonda kukauka na kuuma siku kadhaa, midomo kupata ganzi neva ikiguswa, na kinywa kuachamishwa muda mrefu, jambo ambalo taya linalouma tayari halilipendi. Meno yaliyosagwa hayaoti tena, na kusaga meno ili kutibu maumivu ya misuli hakuna ushahidi wa kutosha wa kuliunga mkono. Kile kifaa cha usiku ni tofauti: hukilinda kinywa kinachosaga, baadhi ya watu huwapunguzia maumivu ya taya, na kisipokufaa unakivua. Kiwe kigumu na kifunike meno yote ya taya moja, la juu au la chini. Vile vilaini vya kujikandia nyumbani huwafanya wengine wazidi kutafuna. Hata ukiamua kuifuata kliniki ile, huna lazima ya kuanza na lisilorudi. Waulize mambo matatu: gego lina ugonjwa gani, picha iko wapi, na mgongo usipopona itakuwaje?

Chuku sitakugombanisha nayo na mamako. Wapo wanaopata nafuu ya siku chache. Ile kavu, isiyochanja, hatari yake ni alama na ngozi kubabuka. Ya kuchanja ni damu: wembe mpya unaofunguliwa mbele yako, glavu, vikombe visivyotumika kwa mwingine, au usikae. Homa ya ini na virusi vya ukimwi vinapita hapo. Unaweza pia kumwomba mamako akukande bega kwa mafuta ya nazi ya vuguvugu, kwa kidole gumba, polepole, dakika tano. Huenda hilo likampa nafasi ya kukuhudumia ambayo anaitafuta.

Na "acha kofia". Mumeo anaona mke anayeugua jioni. Hajui kwamba anakuambia uache kitu ulichokwisha kukilia pesa. Sitakwambia lini umwambie, wewe ndiye unayemjua. Nakuuliza tu: usiku unapolala, unalala na kofia ngapi? Kusaga meno hakuletwi na wasiwasi peke yake, lakini wasiwasi hukuzidisha, na maumivu yako yalirudi baada ya Idi, wakati uleule wa arubuni. Kumwambia kuna hatari: anaweza kukasirika, akashikilia zaidi uache. Kunyamaza nako kuna yake, maana huwezi kumwomba akuchukulie takataka na maji wiki mbili ili ushone kwa takia na vipumziko, bila yeye kujua unakimbizana na nini. Lipo pia la mwenye harusi. Kofia moja na nusu ziko mkononi. Kumwomba muda kwa mbili zilizobaki, au kumgawia mshonaji mwenzio moja na sehemu ya arubuni yake, si jambo geni Lamu.

Yapo mambo ambayo hayangoji siku 23. Maumivu ya taya na mgongo wa juu yanayokuja ukipanda ngazi au kubeba mzigo, pamoja na jasho, kichefuchefu au pumzi kubana, ni ya moyo mpaka ithibitishwe vingine, na kwa wanawake huja hivyo hata bila kifua kuuma. Mkono kulegea au ganzi isiyoondoka. Homa za usiku na kukonda, maana kifua kikuu hukaa hata kwenye uti wa mgongo. Fundo linalokua au lisilosogea. Taya linalokaza baada ya kidonda, kwa kuwa ndivyo pepopunda inavyoanza. Kwa lolote kati ya hayo, nenda hospitali ya King Fahd hapo Lamu siku hiyohiyo.

Bila hayo, nenda vilevile, kwa utulivu, ukaulizie mtaalamu wa fiziotherapia na daktari wa meno, wakutazame shingo na taya pamoja. Chukua daftari lako la nambari na hesabu ya punje. Chukua na ile kofia iliyo nusu, sindano na uzi. Mwombe kila mmoja wao uketi chini kama unavyoketi nyumbani, ushone mbele yake dakika tano, na uzi ukwishapo, ukate kwa meno kama ulivyozoea, akiangalia.